Kibuyu cha Mafuta Kizingitini

Siku ya soko la viazi pale Kipese, utamkuta mwanamke mmoja mrefu ameketi pembeni na vikapu vyake, mikono imepauka kama gome la mkaratusi. Baridi ya milima ile haina adabu. Humkausha mtu ngozi hata akiwa ametoka kuoga sasa hivi. Ndiyo maana wanawake wote wa kule hujipaka mafuta. Mwenye uwezo hununua mawese yanayopanda kutoka Beni, asiye na uwezo hujipaka hata yale yanayobaki ukingoni mwa sufuria. Mwanamke huyo, Vagheni, hajipaki kitu. Watoto humwita Mama Majivu, naye husikia na hageuki. Watu wazima nao wana maneno yao: kwamba ni bahili, kwamba aliweka nadhiri, kwamba ana jambo na wachawi. Mdomo wa mtu haulipi kodi. Mimi nitasema ilivyokuwa, maana maneno ya kubahatisha yamemchosha mama huyu kuliko viazi vyake.

Alikuwa na mume, na alimpenda mume huyo bila kuona haya. Jina lake Mbusa. Kazi yake ilikuwa kushusha magunia ya viazi kutoka mashamba ya juu mpaka barabarani, mahali malori yanaposimama. Uhuru ulipokuja, waliambiwa kwamba mizigo ya wakoloni imekwisha. Magunia hayakuipata habari hiyo; yalibaki na uzito uleule. Mbusa akaendelea kuyabeba, gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, huku akiwatania wenzake njia nzima ili wasisikie miguu inavyouma.

Vagheni ndiye aliyeugundua uvimbe. Ulikuwa kwenye kinena, upande wa kulia, mkubwa kama yai la bata, ukitoka akibeba na ukirudi ndani akilala. Wenyeji huuita mshipa. Mbusa alikuwa ameuficha mavuno mengi, akiufunga kwa kitambaa na kuusukuma ndani kwa ngumi, kama mtu anayefunga mlango ulioharibika kitasa. Ugonjwa wa mahali pale mwanamume hausemi. Vagheni hakutaka kusikia habari za aibu. Alimshika mkono mchana kweupe akampeleka kwenye zahanati kama mtoto aliyetoroka shule.

Muuguzi wa zahanati hiyo, Zorobabel, alikuwa mtu mkavu wa maneno, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimlaza Mbusa, akabonyeza, akamwambia akohoe, akatikisa kichwa.

"Papa Kasika," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "hii mushipa leo iko inarudi ndani. Siku moja itakatala kurudi. Itajifunga. Na siku ile dawa hapana, sindano hapana. Ni kisu tu. Donc, basi, uende kabla ile siku haiyafika."

"Niende wapi, muganga?"

"Butembo, kwa hopitali ya misheni. Daktari Muzungu angali kule. Lakini batu banasema waasi ba Simba bamekamata Kisangani. Usikawie."

Kisha akamgeukia Vagheni, akasogeza kiti karibu, na hapo ulimi wake ukafunguka.

"Mama Kasika, kazi ya kwanza haiko ya daktari. Ni yako. Daktari anafungua mwili, na uchafu yote yenye kuwa juu ya ngozi inatafuta njia ya kuingia. Kwa hiyo, tangu leo mupaka siku ya kwenda, aoge na sabuni kila siku, na zaidi hapa kwa kinena na kwa kitovu. Kucha, mukate. Funza, mutoshe yote kwa miguu. Drap, ile shuka yenye atalalia kule, uichemushe. Asilale nyumba moja na mbuzi. Kunyoa, hapana, batamunyoa kule. Na mafuta, hapana. Hata kidogo. Mafuta inakamata vumbi, inafunga ngozi, ngozi inaota vipele. Umesikia?"

"Nimesikia, muganga."

"Rudilia maneno."

Akarudia yote, tangu sabuni mpaka mafuta, bila kuruka neno. Zorobabel akaridhika. Ninalisema hili mapema ili asije mtu akadai kwamba Vagheni hakuambiwa, au kwamba hakuelewa. Aliambiwa, na alielewa.

Nyumba yao haikuwahi kufanyiwa kazi kama ile. Mbuzi walihamishiwa kwenye kibanda cha kuni, wakalia kama walionyang'anywa urithi. Majani ya kitandani yalitolewa nje yakachomwa, na kunguni wakapasuka motoni hata majirani wakaja kutazama. Vagheni alikata majani mapya, akayaanika, akakung'uta na mkeka. Sabuni ilikuwa taabu. Tangu habari za maasi zianze, chumvi na sabuni vilikuwa vimepotea madukani kama vitu vilivyoitwa mahali pengine. Aliyemsaidia ni Asumani, Mwislamu wa Beni mwenye lori, aliyezoea kupanda mpaka Kipese kununua viazi. Aliposikia ni kwa ajili ya Mbusa, aliingiza mkono chini ya kiti chake akatoa kipande kizima.

"Chukua, dada. Ule mwanaume ameninyanyulia magunia mingi. Sasa Mungu amunyanyulie yeye."

Shuka lilikuwa moja tu, jeupe, la siku ya ndoa yao kanisani. Vagheni alilichemsha kwenye chungu kikubwa, akalianika juu ya kichaka, na akakaa chini yake kutwa nzima na fimbo kufukuza kuku.

Funza walitolewa juani, mbele ya mlango. Mbusa alikaa kwenye kigoda, mguu wake juu ya mapaja ya mkewe, na Vagheni akipitisha pini kwenye moto, akiinama, akichokoa kidole kimoja baada ya kingine. Miguu ya mchukuzi ina mashimo mengi. Mbusa aliuma meno, kisha akacheka.

"Uko unaniosha sawa kiazi ya padiri," alisema. Viazi vya sokoni huuzwa na udongo wake, bali vya kupelekwa misheni lazima vioshwe ving'ae.

"Kiazi ya padiri inakuliwa," Vagheni akajibu bila kuinua uso. "Wewe utarudi."

Alisema hivyo kwa ukali, kwa sababu aliogopa. Kila alipommwagia maji ya moto na kumsugua mgongo, aliliona lile yai kwenye kinena na akajisemea kwamba uhai wa mtu mzima umefungiwa kwenye kitu kidogo namna hii. Alisugua mpaka ngozi ikalia.

Sasa yupo na mtu wa tatu katika habari hii, naye ni Kanyere, mama yake Mbusa. Aliishi katika boma hilohilo, kwenye nyumba ndogo nyuma ya migomba, mjane tangu zamani, na Mbusa ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto aliowazaa. Aliitazama kazi ile yote na hakuingilia. Lakini siku zilivyokwenda, sabuni na baridi vilifanya yao. Ngozi ya Mbusa ilipauka. Miguu ikawa myeupe kama iliyopitishwa kwenye unga, viwiko vikapasuka. Na kwa watu wa milima ile, ngozi isiyopakwa ni ngozi ya matanga. Aliyefiwa ndiye anayeacha mafuta, mpaka siku ya kuondoa msiba. Ukikutana na mtu amepauka njiani, huanzi kwa kumsalimu. Unamuuliza, "Nani amekufa?"

Hilo ndilo lililomkaa Kanyere moyoni: kwamba mwanawe anakwenda kulala juu ya meza ya kisu akiwa amevaa msiba wake mwenyewe.

Alfajiri ya safari Vagheni alifungua mlango, akakuta kibuyu cha mafuta kizingitini. Alikijua. Kilikuwa kibuyu cha mama mkwe, chenye mdomo uliosuguliwa na vidole vya miaka mingi, na ndani yake mawese yaliyochemshwa na majani yanayonukia. Kanyere mwenyewe alikuwa amekaa jikoni, mgongo ameuelekeza mlangoni, akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

Vagheni alisimama. Ndani Mbusa alikuwa anavaa, na mwanga wa moto ulimwangukia mguuni. Mguu ulikuwa wa kijivu. Vagheni alikumbuka jinsi walivyomlaza baba yake mwenyewe, na miguu yake wakati huo. Alitaka kukirudisha kibuyu jikoni, mikono haikutaka. Akajiambia kwamba kule hospitali hakukosekani maji, wataosha. Akajiambia kwamba Zorobabel ni mtu wa vitabu na hana mama Kipese. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mashahidi.

"Muganga alikataza," Mbusa alimwambia alipomwona na kibuyu mkononi.

"Mikono na miguu tu. Batu basikuone sawa mwenye kufiwa."

Alimpaka mikono. Alimpaka miguu na shingo. Ngozi ilikunywa mafuta kwa pupa, ikarudi kuwa ngozi ya Mbusa, nyeusi na yenye uhai, naye Vagheni akaona furaha ambayo alikuwa amesahau ladha yake. Ndipo sauti ya Kanyere ikatoka jikoni, taratibu, kama mtu anayeongea na moto.

"Na pale penye ugonjwa? Si ndiko kunaomba kutunzwa?"

Mbusa alimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini. Kisha akachota kiganja kizima, akakipasha joto, akampaka kwenye kinena, juu ya ule uvimbe na kuuzunguka, polepole, huku akimwomba Nyamuhanga aliyeumba viungo vyote asikisahau hiki. Akaufunga kwa kitambaa, akakaza vizuri kwa ajili ya mwendo.

Walitembea siku mbili kwenda Butembo, wakilala kwa ndugu karibu na Lubero. Vumbi lilikuwa jingi na jua lilichoma mabondeni. Mbusa alitoka jasho chini ya kitambaa, akajikuna, akasema panawasha, akacheka. Na njia nzima, kila waliyekutana naye aliwasalimu vizuri, akawauliza habari za viazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amekufa. Vagheni alilipokea jambo hilo kama baraka.

Asubuhi yake, kwenye chumba cheupe chenye harufu ya dawa, Mbusa alilazwa amefunikwa shuka lake la ndoa. Daktari aliingia na sista aliyejua Kiswahili. Daktari alikuwa mwanamume mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Magari ya Wazungu yalikuwa yameanza kupita kwenda mpakani Kasindi, na wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka barazani. Alifunua shuka.

Kwenye weupe ule palikuwa na doa kubwa la rangi ya machungwa. Na juu ya kinena, chini ya alama ya kitambaa, ngozi yote ilikuwa imeota vipele vyekundu vyenye vichwa vya usaha.

Daktari aliongea Kifaransa kirefu. Hakupiga kelele. Pengine angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Nani alipaka mafuta?" sista aliuliza.

Vagheni alifungua mdomo. Mbusa akamtangulia.

"Ni mimi, ma sœur. Nilijipaka mimi mwenyewe."

"Daktari anasema hawezi kupasua hapa."

"Nitamuosha!" Vagheni alisema. "Ma sœur, unipe maji tu, nitamuosha sasa hivi, nitatosha yote!"

"Haiko uchafu wa kuosha, mama. Ngozi imekwisha kuota usaha. Daktari akikata, usaha itaingia ndani ya tumbo, na bwana yako atakufa hapa hapa. Murudi nyumbani. Aoge, mafuta hapana, ngozi ipone. Kisha wiki mbili mukuje tena. Daktari atamupokea wa kwanza."

Walikaa chini ya ukingo wa paa la hospitali, na Vagheni akalia kama mtoto, kamasi na machozi pamoja, bila kujali nani anatazama. Mbusa alimwacha alie mpaka akachoka.

"Mama asijue," alimwambia.

"Ni mimi nilikupaka."

"Wewe uko na nguvu, utabeba. Yeye ni muzee. Akijua kama ni mafuta yake, itamuua kabla yangu. Tutamuambia daktari alikuwa na bagonjwa mingi."

Ndivyo walivyomwambia. Kanyere aliuliza mara moja tu, akajibiwa, akasema, "Sawa, ba Wazungu bako na mambo mingi," akarudi kwenye migomba yake. Siku chache baadaye alikuja na kibuyu, akakiweka palepale kizingitini. Mbusa mwenyewe ndiye aliyekiinua, akampelekea mikononi.

"Hapana, mama. Acha tu kwanza."

Kanyere alikipokea. Alimtazama mwanawe kitambo, akaenda zake. Vagheni, aliyekuwa akisugua lile doa la shuka kwenye beseni, aliona kila kitu na akashukuru kwamba mzee hakuuliza zaidi.

Doa halikutoka. Alilichemsha, akalianika kwenye umande, akalisugua kwa majivu na kwa ndimu. Likafifia likawa la manjano, likakataa kwenda zaidi ya hapo. Ngozi ya Mbusa ndiyo iliyotii. Vipele vilikauka, vikabanduka, na wiki mbili zilipotimia kinena kilikuwa safi, na mwili mzima mkavu na wa kijivu kama muuguzi alivyotaka tangu mwanzo.

Wakaondoka tena. Na safari hii, bondeni, mlimani, kisimani, kila waliyekutana naye alisimama akatazama miguu ya Mbusa.

"Pole," walisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna," Mbusa akajibu. Baada ya wengi kuuliza, akaanza kujibu, "Bado," akitaka kumchekesha mkewe. Vagheni hakucheka.

Karibu na Lubero walilikuta lori la Asumani likija upande wao, limejaa watu, magodoro na masufuria mpaka juu. Mkewe Hadidja alikuwa mbele na watoto mapajani. Asumani alisimamisha lori bila kuzima mashine.

"Munaenda wapi, nyinyi?"

"Butembo, kwa daktari."

"Daktari gani, ndugu yangu? Simba bameingia Beni, na leo bako Butembo. Daktari na ba masœur bamekimbia kabla barabara kufungwa. Bamepita Kasindi, bamevuka Uganda. Hopitali ni mulango tu na ukuta. Pandeni, niwarudishe."

Mbusa alinyoosha mkono wake mkavu mpaka dirishani, akauonyesha.

"Mais, lakini ngozi imepona," alisema. "Tazama. Imepona kabisa."

Asumani alimtazama, kisha akamtazama Vagheni, akawafungulia mlango. Hadidja alijisogeza na watoto ili kuwapa nafasi.

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo Mbusa alipokufa. Mengine yalikuwa ni kusubiri mwili ujue. Lakini yeye mwenyewe hakukubali. Alisema daktari atarudi, Wazungu wanapenda vitanda vyao, na siku atakayorudi haitakuwa ngozi ya Mbusa ya kumzuia. Kwa hiyo aliendelea kuoga. Sabuni ya Asumani ilipokwisha, Vagheni alichuja maji ya majivu, akamwogesha kwa hayo. Kucha zilikatwa, funza walichokolewa, shuka likakunjwa na kuwekwa kwenye kikapu chenye kifuniko. Simba walipita Kipese, wakapita na askari wa serikali nyuma yao, kila upande ukichukua mbuzi wake, mpaka agizo la Zorobabel juu ya mbuzi likatimizwa na watu wenye bunduki. Nyumba nyingine zilichomwa. Katika nyumba ile moja mtu mzima alikuwa anaogeshwa kila siku kama bwana harusi, kwa ajili ya kisu ambacho kilikuwa ng'ambo ya mpaka. Vagheni alijua ni upuuzi. Aliteka maji vilevile, maana siku ambayo asingeyateka ingekuwa siku ya kumwambia mumewe afe.

Halafu asubuhi moja Mbusa alikohoa. Si kubeba gunia, si kukimbia askari. Kikohozi cha baridi tu. Akashika kinena, akakaa chini. Uvimbe ulikuwa umetoka, mgumu kama jiwe, na haukurudi.

Majirani walimbeba mpaka zahanati. Zorobabel alisukuma, akamwinua miguu juu, akasukuma tena, jasho likamtiririka puani, na Mbusa akapiga kelele ambayo Vagheni hakuijua kuwa ni yake. Mwishowe muuguzi aliacha.

"Imejifunga," alisema.

"Basi ukate," Vagheni akamwambia. "Uko na kisu. Ngozi iko safi, nimeiosha jana, nimeiosha leo. Nitachemusha kila kitu. Ukate, muganga!"

"Mama Kasika, mimi ninajua kuosha kidonda. Kufungua tumbo, hapana. Nikikata, nitamuua na mukono yangu."

"Na usipokata?"

Zorobabel alivua miwani yake yenye uzi, akaishika mkononi. Vagheni alimchukia siku ile kuliko alivyopata kumchukia Simba yeyote. Baadaye chuki ikamwishia, akabaki na ya kujichukia mwenyewe tu.

Walimrudisha nyumbani. Alitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, tumbo likakaza kama ngozi ya ngoma. Siku ya tatu maumivu yakapungua, na wasiojua wakafurahi. Vagheni alikuwa ameambiwa na Zorobabel maana yake, kwamba utumbo umekufa na mwisho umekaribia, basi hakufurahi. Mbusa alimwita kwa kidole.

"Unioshe," alisema. "Pengine daktari amerudi."

Alipasha maji. Alimwosha uso, kwapa, kitovu. Alimwosha kinena kilichokuwa kimeanza kuwa cheusi, kwa vidole vyepesi, akimwambia habari za mvua na za mbegu za viazi. Maji yalikuwa bado ya moto kwenye beseni alipogundua kwamba anaongea peke yake. Mbusa alikufa akiwa mtu msafi kuliko wote waliopata kufa Kipese, na usafi ule haukumfaa kitu.

Wanawake walikuja. Shuka likatolewa kwenye kikapu, na Vagheni akalikunja ili doa liwe upande wa ndani, lisionwe na watu. Maiti haipelekwi kaburini na ngozi kavu. Mmoja akauliza mafuta yako wapi. Vagheni alijua yatatoka wapi, na aliapa moyoni kwamba mzee yule atampaka mwanawe bila kujua lolote. Hilo tu ndilo aliloweza kulitimiza kati ya yote aliyomwahidi Mbusa.

Kanyere aliingia na kibuyu chake. Wenzake walimpisha. Alipiga magoti kando ya mwanawe, akachota mafuta, akayapasha kwenye viganja, akaanza miguuni. Alipaka taratibu, mguu, paja, mkono, shingo, na kila alipopita ngozi ilikunywa na kung'aa, kama alfajiri ile. Alipofika kwenye kinena alisita. Akachota tena, akapaka pale pia, pote, akiongea na mwanawe kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

"Tulia, Mbusa wangu. Sasa daktari hapana wa kukatala."

Vagheni aliinua kichwa. Kanyere hakumtazama, alikuwa anaendelea kupaka.

"Alipokatala kibuyu changu, nilijua," alisema mzee, kimyakimya, ili asikie mkwewe tu. "Munajua kuficha, nyinyi wawili. Nilibaacha mufiche. Nilisema, pengine itabasaidia."

Vagheni alisogea, akapiga magoti upande wa pili, akanyoosha mkono. Kanyere akammiminia mafuta kiganjani, na wote wawili wakampaka Mbusa kifua, mkono wa mmoja ukigongana na mkono wa mwingine, mpaka akawa mzima wa kutazama.

Walipomaliza, kiganja cha Vagheni kilikuwa bado kinang'aa. Alitoka nje, akang'oa majani mabichi nyuma ya nyumba, akajifuta mpaka pakakauka. Siku ya kuondoa msiba ilipofika, wanawake walikuja kumpaka kama desturi inavyotaka, naye akawarudisha. Kanyere vilevile aliwarudisha. Akafa akiwa mkavu baada ya mavuno machache, na Vagheni ndiye aliyemwosha. Waliouliza mafuta yako wapi aliwaambia mzee hakuyataka. Ukimwona sokoni na mikono ile ya kijivu, usimwulize nani amekufa. Nunua viazi, umwambie wasingya, asante ya kule, uende zako.